Uzi: Sinia la sikukuu lisilo na ngano, na zawadi za kununua hapa hapa Lamu

Mwenye uzi (Langoni, Lamu)

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Likizo ya Desemba inakaribia na nyumba yetu hapa Langoni itajaa kama ada yake: wajukuu wa marehemu mama wanaorudi kutoka Mombasa na Nairobi, wageni wa arusi mbili za mtaani, na wale wanaokuja kutazama mashindano ya majahazi ya tarehe 1 Januari. Miongoni mwao yumo mpwa wangu, binti wa miaka kumi na tisa, ambaye madaktari wamethibitisha kwamba ana seliaki. Nimefungua uzi huu kwa sababu mambo niliyojifunza nilijifunza kwa kukosea, na kosa langu lilimlaza binti yule siku mbili nzima za sikukuu, wenzake wakiwa barazani. Sipendi mwenzangu alirudie.

Kwa wasioujua, ugonjwa huu si kuchagua chakula wala si kudeka. Kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, yaani ile protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, hugeuka ikaushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Vile vinyweleo vidogo vya ndani vinavyofyonza lishe hulala na kuisha, hata mtu akawa anakula vizuri kila siku na bado akapungukiwa na damu, au mifupa ikadhoofu, au mtoto akadumaa. Dawa ya kumeza ya kuuponya haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na hata chembe huhesabiwa.

Mwaka jana nilijiona nimejiandaa. Mahamri niliyaweka mbali naye, chapati sikumpa, na bokoboko nilimweleza mapema kwamba ni ngano tupu. Nikamkaangia bajia za kunde, kwa kuwa kunde haina gluteni, naye akazila kwa chatini ya nazi huku akinishukuru. Usiku tumbo likamkata, akatapika hadi alfajiri. Nilikaa siku nzima nikifikiri, ndipo nikakumbuka kwamba mafuta yale ndiyo niliyokaangia sambusa tangu alasiri, na nilipoinamisha karai nikaona chini yake tope jeusi la unga ulioungua. Kunde haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ndani ya karai.

Tangu hapo nimeshikilia jambo moja, nalo ndilo ninalotaka tulijadili. Jiko letu la pwani lina mikate isiyo na ngano tangu zama za bibi zetu, na kazi iliyobaki si kuhangaika na unga wa kigeni wa bei kubwa, bali ni kuilinda mikate hiyo isiguswe na vumbi la ngano. Tuna mkate wa sinia, vitumbua na vibibi, vyote vya mchele na tui. Tuna mkate wa mofa wa mtama. Tuna muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, mbaazi, samaki wa kupaka na wali wake. Binti huyu hahitaji kula chakula cha mgonjwa peke yake pembeni. Sinia zima linaweza kuwa lake na letu pamoja.

Nitaeleza mkate wa sinia kwa urefu, kwa kuwa ndio ninaompikia kwanza akifika.

Vikombe viwili vya mchele huvichagua punje kwa punje, nikaviosha hadi maji yawe meupe ya kuonekana chini, kisha nikaviroweka usiku kucha. Asubuhi huuchuja mchele na kuusaga kwenye blenda pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, kijiko cha chai cha hamira, sukari nusu kikombe, na iliki niliyoitwanga mwenyewe. Usagwe hata ukiuchukua kwa vidole viwili usisikie chenga. Ukiwa mzito sana ongeza tui jepesi kidogo kidogo, mpaka uwe wa kumiminika kama uji wa mgonjwa. Funika, weka mahali penye joto, na baada ya saa moja hivi utaona uso wake umefura na kutoboka toboka, na ukiinamisha sikio utasikia unanong'ona. Hapo baadhi yetu huongeza ute wa yai moja uliopigwa. Paka sufuria samli, ipashe moto kwanza, mimina, na moto wa chini uwe wa wastani. Matundu yakishafunguka na kingo zikiachana na sufuria, ndipo unapoupalia makaa juu ya kifuniko hadi uso uwe wa dhahabu. Mwenye oveni aupike kwa nyuzi 180.

Mkate huu hauhitaji gluteni tangu asili yake. Katika mkate wa ngano, gluteni ndiyo inayovutika kama mpira na kuzuia hewa ya hamira isitoroke. Katika mkate wa sinia rojo ni la maji, na kinachoshika hewa ni wanga wa mchele unaoiva na kukaza palepale matundu yalipofunguka. Ndiyo maana moto ukiwa hafifu mwanzoni mkate hulala: hewa imeondoka kabla ya wanga kukaza.

Sasa zawadi. Nilikuwa nikimnunulia mpwa wangu leso au mafuta ya asumini, na nitaendelea, lakini mwaka huu nimemwandalia kitu kingine: vyombo vipya vya jikoni ambavyo havijawahi kuguswa na ngano. Mwiko wa mti, kifumbu cha kuchujia tui, ungo, kinu kidogo cha iliki, na kawa la ukindu la kufunikia chakula chake. Mti na ukindu hushika unga ndani ya nyufa na misuko yake, na kuosha hakutoshi kumpa mtu amani. Vitu hivi vyote hutengenezwa na mikono ya watu wetu, na fedha yake hubaki kisiwani.

Ningependa kusikia wenzangu mnafanyaje.

Bint Mkomani

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umenigusa, kwa kuwa nauza vitumbua asubuhi na nimewahi kuulizwa na mgeni kama vina ngano nikamjibu kwa haraka kwamba havina. Nikirudi moyoni nasema sikumwambia kweli. Mimi, kama alivyonifundisha mama mkwe, hutia kijiko kimoja cha unga wa ngano pamoja na hamira ili rojo lishikane, na kijiko hicho nilikuwa sikihesabu kuwa ni ngano. Je, kijiko kimoja katika rojo la vitumbua hamsini kina madhara?

Swali la pili. Nimesikia watu wakisema kwamba ngano ni sumu kwa kila mtu, na kwamba nyumba nzima ikiiacha watoto watakuwa na afya. Nifuate?

Mwenye uzi

Dada, shukrani kwa ukweli wako, na wala hauko peke yako. Wapishi wengi hutia kijiko hicho. Ndiyo, kina madhara kwa mwenye seliaki. Kipimo cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, kwa chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, sasa pima kijiko kizima cha ngano ndani ya beseni lako. Habari njema ni kwamba vitumbua havikihitaji. Badala yake chukua vijiko viwili vya wali uliopikwa ukalainika, usage pamoja na mchele uliorowekwa, na rojo litashikana vizuri. Jambo jingine ni chuma chenyewe: kama umewahi kukipikia vitu vya ngano, visuguliwe vile vishimo vyake hadi chini, au ununue kingine.

Kuhusu nyumba nzima kuacha ngano, mimi sioni haja kwa asiye na ugonjwa, ila namwachia mwenye elimu ya hospitali ajibu.

Muuguzi Mstaafu (Lamu)

Ndugu zangu, nimefanya kazi wodini miaka mingi na naomba niseme mambo mawili kwa msisitizo.

La kwanza, mtu asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa ukiwa unakutana na gluteni, na baada yake daktari anaweza kuchukua kipande kidogo cha utumbo kukitazama. Aliyeacha ngano miezi kadhaa akaenda kupimwa anaweza kuambiwa hana ugonjwa ilhali anao. Na akipatikana mmoja katika familia, ndugu zake wa tumbo moja, wazazi na watoto wake wapimwe pia hata kama hawana dalili, kwa kuwa ugonjwa hufuata ukoo. Duniani unakadiriwa kumpata takriban mtu mmoja katika kila mia, na wengi wao hawajui. Kwetu mtu akiwa na upungufu wa damu usioisha, tunafikiria minyoo na malaria kwanza, na ni haki, lakini vikishatibiwa na damu bado haipandi, mwulize daktari kuhusu seliaki.

La pili, ngano si sumu. Uhusiano wa ngano na seliaki ulijulikana kwa njia ya majonzi: daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipokosekana, aliona watoto wenye seliaki aliokuwa akiwatibu wakipata nafuu huku nchi nzima ikidhoofika, na mkate uliporudi wakaugua tena. Watoto wengine waliurudia mkate na miili yao ikanawiri. Kwa asiye na seliaki wala mzio wa ngano, kuacha ngano akala biskuti za mchele zenye sukari tele hakumpi afya yoyote. Mara nyingi biskuti hizo zina nyuzinyuzi chache kuliko mkate wa ngano isiyokobolewa.

Jirani wa Malindi

Salamu kutoka Malindi. Hapa kwetu Waitaliano wamekaa miaka mingi, na huko kwao ugonjwa huu unafahamika hata kwa mwenye duka la mtaani. Wana sheria yake ya mwaka 2005, nambari 123, inayowalinda wenye seliaki. Basi katika baadhi ya maduka yetu yenye bidhaa za Italia utaona pasta na unga wenye alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari. Vitu hivyo ni salama, lakini bei yake si ya kila wiki. Mimi hununua pakiti moja ya tambi kwa ajili ya Idi, mwanangu mwenye seliaki apate tambi za sukari kama wenzake, na siku nyingine zote tunaishi kwa vya kwetu.

Keki ndiyo iliyonisumbua. Nilitumia unga wa mchele peke yake ikatoka kama mchanga uliokamatana. Baada ya kuharibu mayai mengi, nimefikia hivi: kikombe kimoja na nusu cha unga wa mchele, nusu kikombe cha wanga wa muhogo, mayai manne, samli, na kijiko cha chai cha maganda ya ispaghula, yale yauzwayo duka la dawa kwa wenye kufunga choo. Maganda hayo yakilowa huwa kama ute, nayo hushika mahali pa gluteni. Sukari nimeiondoa, naweka tende zilizochemshwa na kupondwa. Siri kubwa ni kuliacha rojo nusu saa kabla ya kulitia ovenini, ili unga wa mchele unywe maji. Ukiharakisha ndipo mchanga unapobaki.

Onyo moja kwa wanaonunua viungo: mvuje (kile kiungo chenye harufu kali) wa unga uuzwao madukani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usishikane. Niliutia kwenye bajia za dengu nikishangaa mtoto anaumwa na nini. Sosi ya soya nayo kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano. Someni vibandiko.

Mwenye uzi

Allah akulipe kheri, la mvuje sikulijua na nimekwenda kabatini kuutoa. Wakati naupangusa ule mkebe wa iliki uliokaa jirani yake, kidole kilitoka na unga mweupe kwenye ukingo wa kifuniko. Ulikuwa ni unga wa ngano, wa mkono wangu mwenyewe, siku niliyosukuma chapati nikachukua iliki bila kunawa. Nimenunua mikebe mipya kwa ajili yake na nitaiweka rafu ya juu, kwa kuwa unga unaomwagika huanguka chini.

Niongeze jambo la mashine ya kusaga. Ukipeleka mchele, mtama au wimbi kwenye mashine ya mtaa, huenda aliyekutangulia amesaga ngano, na kilo ya kwanza ya unga wako itatoka na ngano yake. Mimi husaga nyumbani vilivyorowekwa, na wimbi hulitwanga. Anayelazimika kwenda mashineni aulize kama wanasaga ngano, na wakisema ndiyo, asisage hapo. Unga wa uji uliochanganywa nafaka nyingi pia usomwe kwa makini.

Fundi wa Mbao

Nimesoma kwa furaha, dada, kwa sababu si kila siku mtu hutukumbuka sisi mafundi kwa mwiko. Wageni hutaka visanduku vya nakshi na mifano ya milango. Naomba kushauri wanunuzi. Mwiko wa kupikia usipakwe vanishi. Mwambie fundi aumalize kwa msasa laini kisha mafuta ya nazi, naye aupake mara mbili na kuuacha unywe mafuta. Mti wa mwembe unafaa na bei yake ni ya kiungwana. Kinu kichongwe kutoka gogo moja, wala kisiunganishwe kwa gundi, maana ufa wa gundi ndio utakaoweka uchafu. Mje mapema, si wiki ya mwisho ya Desemba, kwa kuwa kazi ya haraka huwa na mbao mbichi, na mbao mbichi hupasuka ikifika Nairobi kwenye hewa kavu.

Kwa mikeka, mikoba na makawa, ukipata nafasi nenda kijiji cha Matondoni ununue kwa mama anayesuka mwenyewe. Viatu na mikanda ya ngozi, watu wa Siyu, kisiwani Pate, ndio wenye kazi yao tangu zamani. Kofia za kushonwa kwa mkono ni kazi ya miezi, kwa hiyo anayetaka ya kumpa baba au mume aagize mwaka huu kwa ajili ya mwakani, na asimbane mshonaji kwa bei kama kwamba ni ya kiwandani.

Mama wa Shela

Mimi nina swali la upande wa pili. Mama yangu mzazi ana kisukari, na sikukuu kila jirani huleta sahani, nasi hatuwezi kuirudisha. Mnasema mchele badala ya ngano, je, mchele si utampandishia sukari?

Mwenye uzi

Umeuliza la maana, mama. Kutokuwa na gluteni na kumfaa mwenye kisukari ni mambo mawili mbalimbali, na mchele mweupe hupandisha sukari haraka. Kwa mama yako kipande cha mkate wa sinia kiwe kidogo, aanze na samaki na mboga au mbaazi, halafu ndipo akile. Nusu ya mchele naweza kuibadili kwa wimbi, ambalo lina nyuzinyuzi na madini ya chokaa kwa wingi. Mkate utakuwa wa kahawia na mzito kidogo, lakini mimi sasa naupenda kuliko ule mweupe. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku, na bora iwe chini ya asilimia 5, yaani kiasi cha gramu 25, ambazo ni kama vijiko sita vya chai. Chai mbili za maziwa kwa desturi yetu na kashata moja zimeshapita hapo.

Kuhusu sahani za majirani, hili nililiona gumu mwanzoni kuliko mapishi. Kurudisha sahani ni kumvunjia mtu heshima, na kumpa binti asichoweza kula ni kumdhuru. Nimelitatua kwa kuwaendea majirani watano wa karibu kabla ya sikukuu, mmoja mmoja, nikawaeleza kwa upole: leteni kama mlivyozoea, sisi tutakula, ila mkitaka kumpa yeye mkono wenu, mpeni embe, korosho zilizokaangwa bila unga, ubuyu mliotengeneza wenyewe, kashata za nazi zilizopikwa kwenye sufuria safi, au asali. Hakuna aliyechukia. Mmoja alinishika mkono akasema alikuwa amekwisha kununua halwa, tukaenda naye hadi kwa mpishi wa halwa kumuuliza wanga aliotumia ni wa nini. Akatuonyesha gunia: wanga wa muhogo. Ulizeni daima, kwa sababu wapo wanaotumia wanga wa ngano.

Bint Mkomani

Dada, nimerudi kutoa habari. Kile kijiko cha ngano nimekiacha siku ya nne leo. Siku ya kwanza vitumbua vilikatika nikivigeuza, nikaongeza wali kama ulivyosema na nikaacha rojo likae zaidi, na jana na leo vimetoka vyema, na wateja hawakutambua. Nimenunua chuma kipya. Mpwa wako akifika mlete asubuhi na mapema, kabla sijawasha karai la mahamri. Nitamkaangia vyake kwanza.

Mwenye uzi

Tutakuja, inshallah, yeye akiwa na kawa lake mkononi. Mama wa Matondoni amelimaliza juzi, lina mistari ya zambarau, na ameniomba nimwambie binti asiliweke karibu na jiko maana ukindu haupendi moshi. Boti ya mpwa wangu kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, inafika Ijumaa, na mchele nitauroweka Alhamisi usiku.